Msimamizi wa kisima cha mafuta: tajiri wa siku, kibarua wa msimu

MTU anayelipwa zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka akienda mahakamani kudai ovataimu, wengi watamcheka. Lakini ndivyo alivyofanya msimamizi mmoja aliyekuwa akifanya kazi baharini kwa kampuni ya Helix ya Marekani, na Februari 22, 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilimpa ushindi kwa kura sita dhidi ya tatu.

Hesabu zake zilikuwa hivi. Alilipwa kwa siku, kuanzia dola 963 hadi dola 1,341. Alikaa baharini siku 28 mfululizo akifanya kazi saa 12 kila siku, yaani saa 84 kwa wiki, kisha akarudi nyumbani kupumzika siku 28. Chini yake walikuwapo wafanyakazi 12 hadi 14. Sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 1938 haimpi ovataimu bosi anayelipwa mshahara wa kudumu. Swali lililobaki ni dogo lakini zito: je, malipo ya kutwa ni mshahara?

Majaji walio wengi walisema hapana. Mshahara ni ule unaoingia mkononi kwa wiki nzima hata kama kazi ilikuwa ya siku moja. Anayelipwa kwa siku, awe na kipato kikubwa kiasi gani, hana uhakika huo. Mahakama iliwaonyesha waajiri njia mbili: ama wamhakikishie mfanyakazi kiwango cha wiki kinacholingana na kile anachopata kwa kawaida, ama wambadilishie malipo yote kuwa mshahara kamili.

Kesi hiyo inafaa kuangaliwa na yeyote anayefuatilia soko la mafuta, kwa sababu inafunua jinsi biashara hii inavyowalipa watu wake wa kati: fedha nyingi siku kazi ipo, na mfuko mtupu siku mtambo umesimama.

Mtambo mmoja, mifuko mitatu

Anayepita karibu na mtambo wa kuchimba kisima huona watu wenye kofia za plastiki na hudhani wote ni wa kampuni moja. Sivyo. Mwenye leseni ya kitalu, mathalani Chevron au ExxonMobil, kwa kawaida hana mtambo. Huukodi pamoja na wafanyakazi wake kwa bei ya siku kutoka kampuni nyingine kama Transocean au Helmerich & Payne. Kisha huita kampuni za tatu, kama SLB au Halliburton, zije na saruji, vipimo na tope maalumu la kuchimbia.

Kwa hiyo wasimamizi nao ni wa aina mbili, na wasomaji wengi huwachanganya. Yupo mkuu wa mtambo, ambaye ni mwajiriwa wa mwenye mtambo; huyu ndiye bosi wa wachimbaji. Na yupo msimamizi wa kisima, ambaye Wamarekani humwita "mtu wa kampuni", kwa kuwa anamwakilisha mwenye kitalu na fedha zake. Mkuu wa mtambo anajua chuma. Mtu wa kampuni ndiye anayesema chimba, simama au ziba, na ndiye anayeandika ripoti ya kila asubuhi inayoonyesha mita zilizochimbwa na dola zilizokwenda.

Katika nchi kavu huko Texas, wengi wa watu hawa wa kampuni si waajiriwa hata kidogo. Ni washauri wa kujitegemea wanaopitia kwa mawakala. Malipo yao huzunguka dola 2,000 kwa siku, juu au chini kufuatana na msimu. Tuseme anafanya kazi wiki mbili na kupumzika wiki mbili: hizo ni siku 182 kwa mwaka, sawa na dola 364,000. Ukilinganisha, takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani za Mei 2023 zinaonyesha kuwa mhandisi wa petroli wa kawaida alipata dola 135,690 kwa mwaka.

Lakini mshauri hutoa humo kodi yake yote, bima ya afya ya familia, gari, mafuta na akiba ya uzee. Mwajiri hamchangii hata senti. Na zile siku 182 ni za mwaka mzuri.

Ngazi yenyewe

Njia ya zamani huanzia chini kabisa. Kijana huingia kama kibarua wa kubeba na kusafisha, akapanda kuwa mfanyakazi wa sakafu ya mtambo anayeunga mabomba, kisha mtu wa mnarani, halafu msaidizi wa mchimbaji, kisha mchimbaji mwenyewe anayeshika usukani. Akidumu huwa mkuu wa mtambo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua zaidi ya miaka kumi, na wengi huishia katikati kwa maumivu ya mgongo au kwa kuachishwa kazi soko linapoanguka. Kutoka hapo wachache huvuka upande wa pili wa meza na kuwa watu wa kampuni.

Njia ya pili ni ya shahada. Mhandisi kijana hupelekwa mtamboni kujifunza, hupewa zamu ya usiku chini ya mzee mwenye uzoefu, halafu zamu ya mchana. Anayefaulu hurudishwa mjini kusimamia mitambo kadhaa kwa simu na kompyuta. Huyo ana mshahara wa mwezi, likizo na hisa za kampuni. Wapo wasimamizi wa porini wanaoikataa ofisi hiyo wakipewa, kwa sababu fedha ya siku ni kubwa zaidi. Hesabu hiyo inakubali mpaka bei ya mafuta inapoporomoka.

Njia zote mbili hupita kwenye mlango mmoja wa cheti cha kudhibiti kisima. Kinachojulikana zaidi nje ya Marekani ni kile cha IWCF, chombo chenye makao Scotland, ambapo mchimbaji hufanya mtihani wa daraja la tatu na msimamizi daraja la nne. Hakidumu, baada ya miaka miwili mtu hurudi darasani. Mshauri wa kujitegemea hujilipia mwenyewe, na siku hizo za darasa hazilipwi na mtu.

Kwa nini fedha zote hizo

Jibu lipo katika Ghuba ya Mexico, usiku wa Aprili 20, 2010. Kisima cha Macondo kililipuka chini ya mtambo wa Deepwater Horizon, watu 11 wakafa, na mafuta yakamwagika baharini kwa karibu miezi mitatu. BP ilikuwa ikiukodi mtambo huo kutoka Transocean kwa karibu dola 500,000 kwa siku, mbali na gharama nyingine, na kazi ilikuwa imechelewa kwa wiki kadhaa. Saa chache kabla ya mlipuko kilifanyika kipimo cha kuona kama kisima kimezibwa sawasawa. Matokeo yalikuwa na utata, lakini waliokuwepo waliyapokea kuwa ni mazuri.

Wasimamizi wawili wa kisima wa BP walishitakiwa kwa mauaji ya bila kukusudia. Mashitaka hayo yalifutwa mwishoni mwa 2015. Mmoja alikiri kosa dogo la kuchafua maji, na mwingine aliachiwa na baraza la wazee wa mahakama mwaka 2016. Zaidi ya miaka mitatu walikuwa chini ya wingu hilo.

Hiyo ndiyo bidhaa inayouzwa kwa dola 2,000 kwa siku: uamuzi wa mtu mmoja saa tisa usiku, huku saa ya kukodi mtambo ikikimbia na bosi wa mjini akiuliza kwa nini kazi haijaisha. Anayesema "tusimame" hugharimu kampuni fedha zinazoonekana. Anayesema "tuendelee" akakosea huigharimu kila kitu.

Hesabu ya mitambo, si ya mapipa

Mfanyabiashara anayetaka kujua hali ya wasimamizi hawa asiangalie bei ya pipa peke yake. Aangalie hesabu ya mitambo inayofanya kazi, ambayo kampuni ya Baker Hughes huitoa kila wiki na imekuwa ikiihifadhi tangu mwaka 1944.

Septemba 2014 Marekani ilikuwa na mitambo 1,931 kazini. Bei ya mafuta ikashuka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa hadi chini ya dola 30, na ilipofika Mei 2016 mitambo ilikuwa 404. Mingine yote iliwekwa juu ya mawe kama gari bovu uani. Mtambo mmoja wa nchi kavu huhitaji msimamizi wa mchana na wa usiku, na kila mmoja ana mwenzake wa kupokezana. Kwa hesabu ya haraka ni nafasi nne. Basi nafasi zaidi ya 7,700 zilishuka hadi kama 1,600 ndani ya miezi ishirini. Waliobaki walikubali kupunguzwa malipo ya siku. Waliotoka waliuza mashua na magari waliyonunua kwa mkopo, na wengine hawakurudi tena katika kazi hiyo.

Soko lilipoanza kupata nafuu likaja janga la Korona. Aprili 20, 2020 mkataba wa mafuta ya Marekani ulifungwa kwa bei ya kutoa dola 37.63, maana yake muuzaji alimlipa mnunuzi ili amwondolee mzigo. Agosti mwaka huo mitambo ilifika 244.

Kilichofuata ndicho kinachowasumbua wasimamizi zaidi. Mitambo ilipanda tena hadi 784 Desemba 2022, kisha ikashuka taratibu na kupita chini ya 600 katikati ya 2024. Lakini uzalishaji wa Marekani haukushuka. Mwaka 2024 ulifikia wastani wa mapipa milioni 13.2 kwa siku, ambao ulikuwa rekodi. Mtambo mmoja sasa huchimba visima vingi kwa haraka, na wataalamu walioko Houston huangalia vipimo vya kisima kwenye kioo wakiwa mjini. Kampuni nazo zinamezana: ExxonMobil ilikamilisha kuinunua Pioneer Mei 2024. Mnunuzi wa kazi akiwa mmoja badala ya wawili, mshauri hana pa kukimbilia akipewa bei mbaya.

Kwa hiyo mwenye hisa za mzalishaji anaweza kuchekelea mwaka uleule ambao msimamizi analia. Mwenye hisa za kampuni ya kukodisha mitambo yuko karibu zaidi na msimamizi kuliko na mzalishaji. Tofauti hiyo mara nyingi husahauliwa na wanaonunua hisa za "mafuta" kwa jumla jumla.

Upande wetu wa Afrika Mashariki

Vijana wa Mtwara, Lodwar na Hoima wamekwishaona namna mitambo inavyokuja na kuondoka. Mwaka 2012 ulikuwa mwaka wa shangwe: Ngamia-1 huko Turkana, na Zafarani katika kina kirefu cha bahari ya Tanzania. Meli za kuchimbia zilikuja na wasimamizi wake wa zamu ya siku 28, zikamaliza, zikaondoka. Gesi bado iko chini. Januari 2021 Equinor ilifuta dola milioni 982 katika vitabu vyake kwa mradi wa gesi wa Tanzania. Aprili 2025 Tullow ilitangaza kuuza mali zake za Kenya.

Uganda imekwenda mbali zaidi. Uchimbaji wa visima vya uzalishaji Kingfisher, chini ya CNOOC, ulizinduliwa Januari 2023. Mpango wake ni visima 31. Tilenga ya TotalEnergies ulipangwa kuwa na visima zaidi ya 400. Kwa kijana aliyeanzia sakafuni hapo, hiyo ni nafasi ya kupata saa za kazi ambazo hakuna chuo kinachoweza kumpa.

Lakini mzazi anayeuza kiwanja ili kumlipia mwanawe kozi ya kudhibiti kisima afahamu mambo mawili. Cheti bila saa za mtamboni hakimpatii mtu kazi ya usimamizi. Humpa ruhusa tu ya kuiomba. Na kazi ya kuchimba huisha kabla ya kazi ya kuzalisha. Bomba la kwenda Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilometa 1,443, litahitaji watu kwa miongo. Mtambo uliochimba mafuta yake unaweza kuwa umekwishahamia nchi nyingine. Fundi wa kuchomelea, wa umeme au wa vali ana mshahara mdogo, lakini mwezi ukiisha anaupata.

Kwa msomaji anayetaka kufuatilia mwenyewe, hesabu ya mitambo ya Marekani hutoka kila Ijumaa saa sita mchana kwa saa za Houston. Kwa Dar es Salaam na Nairobi hiyo ni saa mbili usiku, au saa tatu katika miezi ya baridi huko kwao.