Hakuonekana Kileleni

Kijana mmoja wa hapa Embu alirudi kutoka chuo kikuu akamwambia mama yake kwamba haendi kanisani tena. Sayansi, alisema, haijamwona Mungu. Mama alikuja kwetu akilia.

Tusimcheke kijana huyo. Wazee wetu wa Embu na Meru waliomba wakiuelekea Mlima Kenya. Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder alifika kilele cha Batian, mita 5,199, akakuta mawe na barafu. Mwaka 1961 Yuri Gagarin aliizunguka dunia, na wakubwa wa nchi yake wakajivuna kwamba hakumwona Mungu huko.

Je, wazee walidanganyika? Waliuelekea mlima, hawakuuomba mlima. Sulemani naye, akiliweka wakfu hekalu, alikiri kwamba hata mbingu hazimtoshi Mungu (1 Wafalme 8:27).

Wahubiri wengine hujibu upesi: mawimbi ya redio hayaonekani, lakini yapo. Kweli, na ndiyo yanayowaletea sauti hii. Lakini mawimbi hupimwa kwa chombo, Mungu hapimwi. Mfano huo waonyesha tu kwamba kutoonekana si kutokuwapo. Sayansi hupima vilivyoumbwa, na huvipima vema. Ingeweza kupima chumvi ya machozi ya mama yule. Upendo ulioyatoa ingeupima kwa mizani gani?

Hilo tulimwuliza kijana. Hakujibu. Jumapili iliyofuata alimfuata mama yake baada ya ibada, akabaki mlangoni akituuliza maswali mpaka jioni.