Laiki 11 za Mwaloni

Kitufe cha laiki ni kitu cha juzi tu. Facebook walikiweka Februari 9, 2009, na leo mtu anaamka geto, hata mswaki hajapiga, kashachungulia simu kuona usiku kaongezewa ngapi.

Ninavyoona mimi, raha ya laiki haitokani na wingi wake, inatokana na matarajio. Aliyezoea 300 akipata 90 anajiuliza kakosea wapi. Aliyezoea 8 akipata 20 anashinda anatabasamu darasani. Na kwa kuwa zinakuja moja moja, kwa saa usiyoijua, unabaki kama mvuvi anayekagua nyavu kila dakika mbili. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alishaliona hili kwa njiwa: punje zikidondoka kwa kubahatisha, ndege hachoki kudonoa.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa matokeo ya utafiti wa vijana 32 wa miaka 13 hadi 18. Waliwaonyesha picha huku mashine ikipima ubongo, na idadi ya laiki walikuwa wameipanga watafiti wenyewe. Kijana akiona picha yake ina laiki nyingi, sehemu ya ubongo inayohusika na raha inaamka zaidi. Linalonikera ni hili la pili: picha yenye namba kubwa ndiyo waliyoelekea kuilaiki na wao. Kumbe namba inatuambia hata tupende nini.

Usukumani kushindania watu si jambo geni. Bagika na Bagalu hucheza baada ya mavuno, makundi mawili, uwanja mmoja, wakati mmoja, na mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Watazamaji huhama ngoma ikiendelea. Ndiyo maana watu wakaleta nyoka, wakaleta fisi, na viongozi wakasifika kwa dawa za mvuto (msidhani kutafuta wafuasi kumeanza na sisi). Nenda Bujora wakati wa Bulabo ujionee.

Ila pale mtu anatembea. Anaacha kivuli, anasukumana, jua linamchoma, na mchezaji anaiona sura yake. Laiki ni kidole tu, mtu kalala kitandani, pengine hata maelezo hajasoma. Halafu sisi tunaihesabu kana kwamba kila mmoja kavuka uwanja kutufuata.

Mwenzangu wa chumba aliposti picha akiwa na mama yake soko la Mwaloni, Kirumba, mama kakaa mbele ya magunia ya dagaa. Dagaa hao ndio wanaomshikilia chuoni kila bumu linapochelewa. Laiki 11. Wiki moja kabla, alijiposti yupo Capri Point na gauni la kuazima, akapata 240. Ile ya mama akaifuta kabla saa mbili hazijaisha. Mimi sikumshangaa, namba ilikuwa imekaa pale, kila mtu anaiona.

Kumbe binamu yake alishamwonyesha mama. Mama akaita wenzake sokoni waje waone, simu ikafunguliwa, picha haipo. Jioni akapiga: "Mwanangu, ile picha yetu imeenda wapi?" Mwenzangu akasema mtandao unasumbua.

Tangu Mei 2021 Instagram inamruhusu yeyote kuficha idadi ya laiki kwenye picha zake, wengine wasiione. Usiku uleule tulitafuta sehemu hiyo kwenye mipangilio tukaiwasha, na picha ya Mwaloni ikarudi. Mimi siioni namba yake. Yeye mwenye akaunti bado anaweza kuiona akitaka, na nimemkuta mara mbili anachungulia.