Mhandisi wa Vihisi na Gari Lisilo na Dereva

Uwanda wa juu wa Ufipa, ulipo mji wa Sumbawanga, uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa mvua huweza kufunikwa na ukungu. Dereva mwangalifu hupunguza mwendo, kwani huenda mbele yake kuna mkokoteni wa maksai, au mkulima anayesukuma baiskeli yenye gunia la mahindi. Je, gari linalojiendesha lingewatambuaje? Kulijibu swali hilo ndiyo kazi ya mhandisi wa vihisi.

Gari la namna hiyo hutumia hasa vihisi vya aina tatu. Kamera hupambanua rangi na maumbo, lakini huhitaji mwanga. Lida hutuma miali ya leza na kupima muda wa kwenda na kurudi. Kwa kuwa mwanga husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde, mwali unaomgonga maksai aliye umbali wa mita 60 hurejea baada ya sekunde 0.0000004 tu. Rada hufanya vivyo hivyo kwa mawimbi ya redio yenye urefu wa milimita 4 hivi.

Tone la ukungu lina kipenyo cha milimita 0.01 hivi. Wimbi la leza ni fupi kuliko tone hilo, kwa hiyo mwanga hutawanywa. Wimbi la rada ni refu mno kuliko tone, nalo hupita. Hata hivyo, rada haichori umbo vizuri. Ndiyo sababu vihisi hutumiwa pamoja.

Lakini kuona si kutambua. Tarehe 18 Machi, 2018, mjini Tempe, Marekani, gari la majaribio lilimwua mwanamke aliyevuka barabara usiku akisukuma baiskeli. Uchunguzi ulionesha kwamba vihisi vilimwona zaidi ya sekunde 5 kabla ya ajali. Programu ndiyo iliyoyumba, mara ikimhesabu kuwa gari, mara baiskeli, kwani haikuandaliwa kumtarajia mtu avukaye pasipo kivuko. Katika Ufipa, mtu wa namna hiyo ni wa kila siku. Basi wahandisi wanaozijua barabara hizi wanahitajika.

Njia ya kazi hii huanzia katika fizikia na hisabati za sekondari, kisha shahada ya umeme, elektroniki au kompyuta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha uhandisi mwaka 1973. Subira pia yatakiwa: katika mashindano ya jangwa la Mojave ya mwaka 2004 hakuna gari lililomaliza, na lililofika mbali zaidi lilikwenda kilometa 12 tu, mwaka 2005 magari matano yalimaliza.

Wanafunzi waweza kuanza sasa. Simameni mita 85 kutoka ukuta mrefu, mpige kofi, na kupima muda wa mwangwi. Sauti ikienda mita 340 kwa sekunde, mwangwi utarudi baada ya nusu sekunde. Kanuni ya lida ni hiyo hiyo.