Klova: Chakula cha Ng'ombe, Dawa na Sumu

Leo tuzungumze juu ya mmea ambao wengi wetu huukanyaga tukienda kukama ng'ombe. Mmea huo ni klova.

Klova ni ya jamii ya kunde, ndugu ya maharagwe na njegere. Utaitambua kwa vijani vyake vitatu vitatu. Klova nyeupe ya Kenya huota yenyewe katika nyanda za juu na kutambaa chini. Klova nyekundu husimama, na maua yake hufanana na rangi ya waridi. Iko pia jamaa yao iitwayo klova tamu. Hiyo ni ndefu, ina maua ya njano au meupe, na hunukia vizuri ikikauka.

Faida zake ni nyingi. Ina protini, kwa hivyo humwongezea ng'ombe maziwa. Mizizi yake ina vifundo vinavyorutubisha udongo. Nyuki nao hupata asali kwenye maua yake. Lakini asali usimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Na ng'ombe mwenye njaa usimwachie klova mbichi peke yake, kwa maana tumbo litafura na anaweza kufa.

Sasa sikilizeni habari hii. Miaka ya 1920, huko Kanada na Marekani, ng'ombe walianza kuvuja damu hadi kufa. Kidonda kidogo tu, damu haikomi. Ilibainika kuwa walikuwa wamelishwa klova tamu iliyokauka vibaya ikaota ukungu. Ukungu huo hugeuza kitu kilicho ndani ya mmea kuwa sumu inayozuia damu kuganda. Wanasayansi wa Wisconsin, Marekani, waliichunguza sumu hiyo, na kutokana nayo wakatengeneza warfarini. Mwaka wa 1948 warfarini iliuzwa kama sumu ya panya. Kufikia mwaka wa 1954 ilikubaliwa kuwa dawa ya binadamu.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu warfarini iko kwetu. Hupewa wagonjwa waliowekewa vali ya moyo, au waliopata damu iliyoganda mguuni au kwenye mapafu. Kipimo sahihi huokoa maisha. Kikizidi, mtu huvuja damu kama wale ng'ombe.

Ikiwa wewe au mtu unayemtunza anaitumia, zingatia haya:

Kwanza, asikose siku ya kupimwa damu.

Pili, asichanganye na aspirini wala dawa za mitishamba, ikiwemo chai ya klova nyekundu, bila kumwuliza daktari.

Tatu, sukuma wiki na mchicha aendelee kula, ila kwa kiasi kile kile kila wiki. Mboga hizo zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa.

Nne, fizi zikitoa damu, mkojo ukiwa mwekundu au choo kikiwa cheusi, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mama anayetumia warfarini amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa maana dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Akishajikuta mjamzito, asiiache kimya kimya. Aende kliniki mara moja, abadilishiwe. Na mjamzito yeyote, hata asiyetumia warfarini, asinywe klova nyekundu kama dawa. Ina kitu kinachofanya kazi kama homoni ya kike.

Mwisho, sumu ya panya. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda kwa njia hiyo hiyo. Zifungie mbali na watoto. Mtoto akiila, usimtapishe, wala usingoje kuona dalili, kwa sababu damu inaweza kuanza kuvuja baada ya siku kadhaa. Mkimbize hospitali, na ubebe pakiti ya sumu hiyo.

Lisha ng'ombe klova iliyo safi, na ile yenye ukungu uitupe. Kwaherini, hadi kipindi kijacho.