Viwavijeshi: Jina moja, nondo wawili

Jina la viwavijeshi si geni kwa wakulima wa Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2017, hata hivyo, jina hilo limebeba wadudu wawili tofauti, na anayewachanganya huweza kupoteza mahindi yake huku dawa akiwa nayo mkononi. Wakazi wa mijini wenye shamba kijijini, nao si wachache, wamo katika hatari hiyo hiyo.

Wa kwanza, Spodoptera exempta kwa jina la kitaalamu, ni mzaliwa wa Afrika. Nondo wake hukusanywa na upepo wa mvua, wakataga mayai mahali pamoja, na muda si mrefu malisho na mashamba hujaa viwavi weusi wanaotembea kwa makundi mithili ya askari. Hula nyasi, mahindi, mpunga na mtama mchana kweupe. Baada ya wiki mbili au tatu huingia ardhini, na nondo wanaotoka humo huenda zao. Kwa hiyo mapambano dhidi yake yalijengwa juu ya utabiri: mitego ya kunasa nondo, na taarifa kutoka Tengeru, Arusha.

Wa pili, Spodoptera frugiperda, ni mgeni kutoka bara la Amerika. Aliripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka uliofuata alikwisha kufika Kenya na Tanzania. Nondo wote wawili wana rangi ya kijivu na hudhurungi, hivyo kuwatenganisha kwa macho ni kazi, ingawa dume la mgeni lina baka jeupe karibu na ncha ya bawa. Alama ya kuaminika iko kwa kiwavi: usoni ana mstari kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba.

Huyu haandamani. Hujichimbia katikati ya majani machanga, hula hata viwavi wenzake, na kinyesi chake, kinachofanana na unga wa mbao, huziba njia ya dawa. Baadaye huingia kwenye gunzi. Wala haondoki, maadamu yapo mahindi, huzaliana mwaka mzima.

Kumsubiri apite, kama ilivyozoeleka kwa yule wa kwanza, ni kumwachia shamba. Ukaguzi huanza mara mahindi yanapoota: mayai yaliyofunikwa kwa manyoya hupondwa kwa vidole, na dawa hunyunyizwa viwavi wangali wadogo, alfajiri au jioni, wanapokuwa nje ya maficho.