Ritifaa ya Ng'ang'a

Jina Ng'ang'a likiandikwa kwenye programu ya barua, kisha likaandikwa tena kwenye fomu ya mtandaoni, kompyuta inaweza kuhesabu watu wawili. Programu ya barua huipinda ritifaa bila kuambiwa na kuihifadhi kwa namba 8217. Fomu huiacha wima kama ilivyo kwenye kibodi, namba 39. Msomaji haoni tofauti ya maana, lakini mashine hulinganisha namba, si sura, na mwenye jina huambiwa hayumo kwenye orodha.

Chanzo ni ufinyu wa nafasi. Mfumo wa ASCII wa kuzipa herufi namba, uliotoka Marekani mwaka 1963, ulikuwa na nafasi 128 tu, hivyo alama moja ya wima ilibebeshwa kazi ya ritifaa pamoja na ya kufungua na kufunga nukuu. Baadaye mfumo wa Unicode ulitenganisha alama ya kufungua nukuu na ya kufunga, ila kibodi zilibaki na ile ile ya wima. Ndipo programu zikafundishwa kubahatisha: alama ikifuata nafasi tupu inafungua nukuu, ikifuata herufi inafunga. Kanuni hiyo huwatosha Waingereza. Wahawaii, ambao alama ya namna hii kwao ni konsonanti kamili, huiona ikipindwa upande usio wake kila inapokuwa katikati ya neno.

Kwetu sisi ritifaa ni sehemu ya sauti: ukiiondoa kwenye ng', unabaki na sauti nyingine. Programu nyingi rahisi hazijui hilo. Zinakata neno popote zinapokuta kitu kisicho herufi, na ng'ombe anakuwa “ng” na “ombe”. Kanuni za Unicode za kugawa maneno ni bora zaidi, maana huilinda ritifaa iliyo kati ya herufi mbili. Lakini lichukue jina la mwanasiasa wa Kenya, Anyang' Nyong'o: la pili hubaki zima, la kwanza hupoteza mkia wake.

Hasara nyingine iko kwenye simu, na hii ni ya fedha. Ujumbe mfupi una baiti 140. Kwa herufi za kawaida za biti 7 zinaingia 160, na ritifaa ya wima imo. Iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe wote huhamia mfumo wa baiti mbili kwa kila herufi, na nafasi hushuka hadi 70. Tangazo la herufi 100 linalotaja ng'ombe mmoja kwa ritifaa iliyopinda linatozwa kama jumbe mbili.

Unicode inayo ritifaa iliyo herufi halisi, namba 700, ila kibodi za kawaida hazina kitufe chake. Kuwataka mamilioni ya watu waitafute si haki. Kazi hii ni ya watengeneza programu. Baadhi yao huikataa ritifaa kabisa kwa hofu, kwa kuwa kwenye hifadhidata alama hiyo hufunga maandishi na inaweza kumfungulia mdukuzi mlango. Dawa ya hofu hiyo inajulikana tangu zamani: amri ipelekwe peke yake, na jina peke yake. Dawa ya majina yasiyoonekana kwenye orodha ni nyepesi zaidi. Wakati wa kulinganisha, programu izihesabu 39, 8216, 8217 na 700 kuwa kitu kimoja. Wakati wa kuhifadhi na kuchapa, iliache jina kama mwenyewe alivyoliandika.