Chapa ya Fundi wa Mashua

Ndugu zetu, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya chapa ya fundi wa mashua. Nyinyi mlioko Shinyanga mwajua faida ya chapa, maana ng'ombe wakichanganyika malishoni, alama ya chuma cha moto ndiyo ionyeshayo ni wa nani. Lakini chapa ya ng'ombe humtaja mwenye mali; chapa ya fundi humtaja aliyeifanya kazi.

Twendeni sasa kando ya Ziwa Viktoria, katika mialo ya Mkoa wa Geita, kama Nkome na Kasenda. Mashua ya kuvulia yatakiwa kuandikishwa na kupewa namba, na mwenyewe huongeza jina alipendalo. Namba na jina hilo ni vya mwenye mashua. Je, fundi aliyeiunda atajulikanaje?

Swali hili si la urembo. Mnunuzi hawezi kuona yaliyofichwa chini ya rangi: kama mbao zilikauka vema, kama misumari yafaa, kama pamba ya kalafati imeshindiliwa barabara. Yeye humwamini fundi, na maisha ya wavuvi yamo katika imani hiyo. Fundi hodari akichonga ishara yake katika ubao, ni kama asemaye, "Ikivuja, niulizeni mimi." Lakini mlaghai akiiga ishara hiyo juu ya mashua mbovu, mvuvi huzama akiliamini jina la mtu mwingine.

Kwa hiyo, Tanzania Bara ina Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na kazi ya kuandikisha ni ya BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Hapa wengi hukosea: hudhani kwamba mtu akisha kuandikisha jina la biashara, amemaliza. Sivyo. Jina la biashara huonyesha ni nani afanyaye biashara. Alama iliyoandikishwa ndiyo impayo mwenyewe haki ya kumzuia mwingine asiitumie kwa bidhaa za namna ile.

Kwanza, chagua ishara ya pekee. "Mashua Imara" ni sifa ambayo kila fundi aweza kuisema, na "Geita" ni jina la nchi ya wote. Maneno hayo matupu ni vigumu kukubaliwa. Picha ya korongo juu ya nyundo yafaa zaidi. Pili, hakikisha kwamba hakuna aliyekutangulia. Tatu, peleka ombi katika fungu la 12, lenye vyombo vya usafiri. Kazi ya kutengeneza mashua zilizoharibika imo katika fungu la 37. Ombi likikubaliwa hutangazwa, ili mwenye pingamizi aseme. Alama ikisha kuandikishwa hudumu miaka 7, kisha huweza kufanywa upya kwa miaka 10 kila mara. Lakini haki hiyo haivuki mpaka: Kenya na Uganda, tunaoshirikiana nazo ziwa, zina daftari zao, na Zanzibar pia ina yake.

Mwisho, tukumbuke kwamba cheti hakizibi tundu la mashua. Wazee walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Fundi na atengeneze chema kwanza, ndipo akitie alama, ili watu wajue ni cha nani.